Breki ya Mbele Usiiguse: Uchambuzi wa Kisa cha Pikipiki ya Kukodi, Soni hadi Mombo

Mtu aliyeendesha pikipiki Dar es Salaam miaka sita hujiona dereva. Nilikuwa mmoja wao. Nimepenya foleni za Ubungo, nimevuka maji ya Jangwani siku za mvua, na kuanguka kwangu kote kulikuwa kule kwa kupiga mguu chini na kucheka. Kisha Desemba, siku mbili kabla ya Krismasi, nikiwa ukweni Lushoto, nikajikuta nimelala mferejini kilomita chache chini ya Soni, mtulinga umevunjika na plamu za mama mkwe zimetapakaa barabara nzima.

Lami ilikuwa kavu. Hakuna aliyenigonga. Nilikuwa nimekunywa chai ya tangawizi, basi. Nimekipitia kisa hiki mara nyingi kwa sababu kila kisingizio nilichokitafuta hakikuwepo.

Kwa asiyeijua njia: Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mombo, kwenye barabara kuu ya kutoka Dar kwenda Moshi na Arusha, iko chini ya mita 500. Katikati ni kilomita 33 hivi za lami. Kipande cha juu, Lushoto mpaka Soni, ni cha kistaarabu: bonde, bustani za kabichi, nyumba karibu na barabara. Ukishayapita maporomoko ya Soni, barabara inang'ang'ania ubavu wa mlima, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, na kona moja ikiisha nyingine imeshaanza. Wajerumani walioiita Lushoto Wilhelmsthal waliupenda ubaridi wake. Siku hizi wanaoifahamu njia hii vizuri zaidi ni madereva wa Fuso za mboga.

Kukabidhiwa

Pikipiki ilikuwa ya jirani wa ukweni. Ya Kihindi, cc 125, namba nyeupe ya biashara, breki za ngoma mbele na nyuma. Dereva wake wa hesabu alikuwa amekwenda kwao kula sikukuu, kwa hiyo chombo kimelala. Tukakubaliana elfu ishirini kwa siku, mafuta juu yangu, siku mbili. Mwenyewe ni mtu mzima, rika la baba mkwe. Nilianza na shikamoo, na mazungumzo yote yakafuata mkondo wa shikamoo ile: yeye anasema, mimi naitikia.

"Stata haishiki, tumia kiki. Na hiyo breki ya mbele usiiguse, itakupindua."

"Sawa mzee."

"Ya nyuma iko vizuri. Tumia hiyo hiyo."

"Sawa mzee, ahsante sana."

Leva ya breki ya mbele ilikuwa pale pale chini ya vidole vyangu vya kulia. Nilitamani kuibana nione inaishia wapi. Sikuibana. Ingekuwa ni ofisi ya kukodisha pikipiki kwa wageni, ningeizunguka mara tatu, nikapiga picha kila mkwaruzo, nikagombana kuhusu tairi. Lakini huyu ni mzee aliyemfahamu mke wangu tangu anatambaa, na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, amesimama pembeni anatuangalia. Kukagua pikipiki mbele ya macho ya mzee yule niliona ni sawa na kunusa chakula cha mama mkwe kabla ya kula.

Kwangu ajali ilianzia hapo, uani kwa mzee, kama saa 30 kabla sijafika kwenye kona.

Ukaguzi wenyewe ungechukua dakika tano. Unazima mashine, unaweka nyutro, unaisukuma pikipiki kwa mwendo wa miguu, kisha unabana leva ya mbele peke yake. Pua inatakiwa izame kwenye shokapu na pikipiki isimame. Kama leva inakwenda mpaka inagusa mpini na tairi bado linazunguka, huna breki ya mbele, hata kama waya upo. Halafu unarudia na kanyagio la nyuma. Kisha unachuchumaa kwenye gurudumu la nyuma uangalie fimbo ya breki inapoishia: pale pana nati ya kukazia. Nati ikiwa imekazwa mpaka karibu uzi wote umekwisha, ujue brekishuu, vile vipande vinavyosugua ngoma kwa ndani, navyo vimekwisha, na aliyekuwa anaikaza alikuwa anaahirisha gharama. Ya pikipiki ile ilikuwa imebakiza nyuzi tatu. Najua kwa sababu nilizihesabu baadaye, mkono umefungwa shingoni.

Nisiwe mwepesi wa kumhukumu mzee. Alichosema hakikuwa upuuzi. Kazi ya pikipiki ile ni vijijini, barabara za udongo mwekundu ambazo mvua ikinyesha zinateleza kama sabuni. Kwenye utelezi, au kwenye kokoto, ukibana breki ya mbele kwa pupa tairi la mbele linakaba, usukani unakuongoza wewe badala ya wewe kuuongoza, na uko chini kabla hujasema lolote. Bodaboda aliyeanguka hivyo mara moja hasahau. Kwa hiyo wengi huulegeza waya kabisa ili hata wakibana kwa hofu isishike. Ni dawa ya matope.

Ila lami kavu ya mteremko ni jambo jingine. Ukifunga breki, uzito wa pikipiki na waliokaa juu yake unakimbilia mbele. Kwenye mteremko ulishaanza kukimbilia mbele hata kabla hujafunga. Tairi la mbele ndilo linalogandamiza barabara, la nyuma linakuwa jepesi. Kumwambia mtu ashuke Soni kwa breki ya nyuma peke yake ni kumwambia akamate barabara kwa gurudumu lile lisiloigusa vizuri.

Siku ya kwanza iliyonidanganya

Siku ya kwanza nilikwenda Irente, ile kingo ya mlima ambako unasimama na kuiona nyika yote chini, na vijiji vyake kama vibati vilivyomwagwa. Ni kilomita tano sita kutoka mjini. Nikaenda, nikarudi, pikipiki safi. Jioni nikamwambia baba mkwe chombo kiko imara.

Kumbe safari ile haikupima chochote. Vilima ni vifupi: unashuka kidogo, unapanda, breki inapata nafasi ya kupoa. Breki mbovu na breki nzima zinafanana kabisa kwenye mteremko wa dakika moja. Zinaachana kwenye mteremko wa nusu saa.

Siku yenyewe

Mama mkwe alikuwa na ndoo ya lita 20 ya plamu za kumpelekea dada yake Moshi. Mpango ni kuipakia kwenye basi litokalo Dar, ambalo konda wake anafahamika, likipita Mombo. Mtu angeweza kumpa bodaboda yeyote elfu kadhaa akaipeleka. Lakini mkwe yupo, ana leseni yenye daraja A, ana pikipiki aliyoilipia. Nikasema nitaipeleka mwenyewe. Shemeji akapanda nyuma, ndoo katikati yetu. Kofia ngumu ilikuwa moja, nikavaa mimi. Sheria inataka wote wawili wavae, nasi tulilijua hilo.

Tukaondoka saa nane na robo. Karibu na Soni simu ikaita: konda, wameshatoka Korogwe. Korogwe na Mombo ni mwendo wa chini ya saa moja kwa basi, na basi la masafa halimsubiri mtu na ndoo yake. Nikaongeza mwendo.

Sasa lipo jambo dogo ambalo nililiona na sikulielewa. Bodaboda wa pale wanaposhuka, pikipiki zao zinanguruma kama zinapanda. Mkono wa mafuta wameuachia kabisa lakini mashine inalia kwa sauti nzito, puani. Nikawaza: hawa wanachoma mafuta bure. Mimi nilifanya nilichozoea mitelemko ya Mbezi: nikarudisha nyutro, pikipiki ikateleza kimya, nikawa naikata kasi kwa mguu wa kulia. Raha sana. Upepo, harufu ya majani mabichi, korongo linafunguka upande.

Nikaikuta Fuso ya kabichi, na hapo nikasikia harufu ya kitu kinachoungua, kali, kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Nikajua ni breki za Fuso. Nikasubiri kipande kilichonyooka, nikaipita.

Harufu ikaja na sisi.

Niliinusa, nikaona ajabu, nikasema moyoni labda ni upepo. Nadhani zilipita kona tatu au nne. Kanyagio lilikuwa linazama zaidi kila mara, nami nililifuata tu kwa mguu, bila kuuliza. Simu ikatetemeka tena mfukoni. Kisha kona ya kulia, na honi mbele yake: Coaster inapanda. Dereva wake alipiga honi kabla ya kona kama inavyotakiwa. Mimi kona zote sikuwa nimepiga hata moja.

Nikakanyaga. Mguu ukazama mpaka chini kama nimekanyaga unga. Nikabana ya mbele, leva ikagusa mpini, ikanipa kama salamu tu. Nikapiga gia. Kwenye pikipiki ile gia zote zinakanyagwa kwenda mbele na nyutro ndiyo mwanzo, kwa hiyo kutoka nyutro unakutana na namba moja. Namba moja, kwenye kilomita 40 na zaidi kwa saa. Tairi la nyuma likakaba, likapiga kelele, mkia ukaanza kutupita.

"Mlimani! Mlimani, shemeji!"

Ndiyo sauti ninayoikumbuka. Kona ile mlima ulikuwa upande wetu, na chini yake mfereji wa mawe. Nikauelekeza usukani huko. Tukaingia.

Ndani ya ngoma

Shemeji alichubuka kiwiko na goti, basi, na kichwa kisicho na kofia hakikugusa jiwe. Hilo siliwezi kulichambua, ni la Mungu. Mimi niliangukia bega. Coaster ikasimama, watu wakashuka na pole zao, watoto wawili wakaanza kuokota plamu wakizifuta kwenye mashati. Akafika bodaboda mmoja wa Soni, kijana mwembamba wa koti la mvua. Hakuniuliza kitu. Aliinama kwenye gurudumu la nyuma, akatema mate kwenye habu, kitovu cha gurudumu. Yakachemka: tsss.

"Ulishuka na nyutro," akasema. Hakuwa anauliza.

Hesabu ya joto lile ni hii. Pikipiki, watu wawili na ndoo ni kama kilo 270. Kuvishusha vyote hivyo mita 900, kutoka Lushoto mpaka Mombo, bila kuviacha vikimbie, kuna nguvu inayotakiwa iishie mahali, na inaishia kwenye joto. Ukilikusanya joto lote hilo lingechemsha kama lita saba za maji ya bombani. Sehemu inachukuliwa na upepo. Ukiwa kwenye gia ndogo, sehemu kubwa inabebwa na mashine, ambayo imejengwa kubeba joto na ina mapezi ya kulitoa. Ukiwa nyutro, mashine imejitoa kwenye kazi. Kinachobaki kinakwenda kwenye brekishuu mbili nyembamba ndani ya kikombe cha chuma kilichofungwa. Hata kwa kipande tulichokuwa tumeshuka, ilitosha.

Ngoma ikipata joto inatanuka, inazikimbia brekishuu, ndiyo maana kanyagio linazama. Brekishuu zenyewe zikipikwa zinapoteza ukali. Fundi wa Soni alipofungua gurudumu alinionyesha: uso wa brekishuu ulikuwa unang'aa mweusi, laini kama kigae cha sahani. Akapitisha ukucha, ukateleza. "Hii haishiki hata baiskeli," akasema.

Kijana wa koti la mvua ndiye aliyenipa kanuni, akinisaidia kukaa juu ya jiwe: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Kipande ambacho ungekipanda na namba mbili, unakishuka na namba mbili, mafuta umeachia, mashine inalia. Breki unaigusa kabla ya kona, pikipiki ikiwa bado imesimama wima, unaiachia, ipoe mpaka kona nyingine. Ndiyo ngurumo niliyoidhihaki. Na ukiwa tayari kwenye namba mbili, gia ya kukuokoa ipo chini ya mguu. Mimi niliyekuwa nyutro nilikuwa na namba moja tu ya kukimbilia, nayo ndiyo iliyoukaba mkia.

Nimejiuliza kama kuingia mferejini kulikuwa uamuzi sahihi, kwa sababu ndiko nilikovunjikia. Kilomita 40 kwa saa ni mita 11 kila sekunde. Kona ile ilinionyesha labda mita 30 mbele, na ndani yake kuna Coaster. Kushoto mfereji, kulia Coaster na nyuma yake korongo. Sioni cha kubadilisha pale. Vya kubadilisha vilikuwa juu: Soni, ambapo ningesimama dakika kumi na kumwacha konda aende zake. Au pale Fuso ilipobaki nyuma na harufu haikubaki, ambapo ilinitosha kutoka barabarani, kukaa juu ya jiwe na kuacha chuma kipoe kabla ya kuendelea kwa namba mbili.

Alichokuwa anakijua shemeji

Usiku, mkono umeshafungwa, shemeji alikuja kukaa nami barazani. Akazungukazunguka, akaongea habari za mpira. Mwisho akasema, "Shemeji, mimi niliona unashuka na nyutro tangu Soni."

Nikamwangalia.

"Nikasema labda ndivyo Dar mnavyoendesha."

Amezaliwa njia hiyo. Ameishuka juu ya Fuso, nyuma ya bodaboda, kwa baiskeli isiyo na breki akiburuza kandambili. Alijua kila kitu nilichokuwa nakikosea, na alikaa nyuma yangu na ndoo mapajani, amenyamaza, kwa sababu mimi ni mume wa dada yake na ni mgeni, na mgeni hafundishwi kuendesha. Kama vile mimi nilivyonyamaza kwa mzee. Pikipiki moja ilibeba haya mbili, ya mbele na ya nyuma, na neno la kwanza la kweli lililosemwa juu yake ni "mlimani".

Tangu siku hiyo, nikipakia mwenyeji kwenye njia nisiyoijua humwambia kabla ya kuwasha: mimi hapa ni mwanafunzi, ukiona kitu piga bega. Wengine hucheka. Wakishacheka, huwa wanasema.

Malipo

Kabla ya hospitali ilibidi kupitia polisi kuchukua PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, na pale wakaomba leseni, kadi ya pikipiki na bima. Leseni ninayo. Kadi iko kwa mzee. Bima ilikuwepo, haijaisha, ila ni bima ndogo. Bima ndogo inawatazama watu wengine niliowadhuru. Tenki lililobonyea, leva iliyopinda, indiketa, saiti mira, madigadi na mtulinga wangu, vyote hivyo haina habari navyo. Hatukuwa na karatasi ya makubaliano, wala picha ya pikipiki ilivyokuwa. Mzee angeweza kusema tenki lilikuwa jipya nisingekuwa na la kujibu.

Hakusema. Walikaa na baba mkwe chini ya mparachichi, mimi nikiwa nimeitwa lakini siongei, wakafika mahali: nilipie matengenezo yote, na siku ambazo pikipiki italala kwa fundi zisihesabiwe kwa kuwa dereva mwenyewe hayupo. Nilipia, pamoja na brekishuu mpya mbele na nyuma, ambazo mzee hakuziomba. Nilimwambia fundi auvute na waya wa mbele mpaka leva ishike katikati ya safari yake.

Siku ya kuichukua tulikwenda wote. Mzee akaisukuma hatua mbili, akabana leva, pua ikazama, pikipiki ikasimama tuli. Akaguna. Akabana tena. Halafu akainama taratibu, akaishika nati ya kurekebishia waya kwa vidole, akairudisha nyuma mizunguko miwili.

"Masika inakuja," akaniambia.

Nikafungua mdomo. Safari hii nikasema: "Mzee, basi ukimpa mtu wa kwenda Mombo, umkazie kwanza."

Akanitazama kwa muda, kama ananipima upya. Akazungusha mzunguko mmoja mbele, akapiga kiki.